Vichwa vya Bolti

Ukitaka kujua kama Landrova ya zamani imepita mikononi mwa fundi mwenye subira, usianze na rangi. Rangi mtu yeyote ananunua dukani na kuipiga. Chuchumaa mbele ya bampa utazame vichwa vya bolti. Ukiona vinameremeta, kuna mtu alikuwa na haraka. Ukiona kijivu kilichopoa, hakina mng'ao, na juu ya kila kichwa bado zinasomeka herufi ndogo za kiwanda kilichokifua zaidi ya miaka hamsini iliyopita, usiondoke upesi. Umekutana na kazi.

Nazungumzia hasa Series II na IIA, zilizotoka Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 1958 hadi 1971. Hizo ndizo zilizotapakaa huku kwetu. Alizipanda bwana shamba, alizipanda mganga mkuu wa wilaya, alizipanda padri, polisi na askari wa wanyamapori, kuanzia Marsabit hadi Songea. Joy na George Adamson walitumia Landrova kaskazini mwa Kenya, na picha ya simba wao Elsa akiwa amejilaza juu ya paa la Landrova ilizunguka dunia nzima. Leo zile zilizosalia zinatafutwa upya. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha lake la Land Rover, mamia ya magari yakakusanyika, na katikati ya makelele yale ungeweza kuwatambua mafundi kwa jinsi walivyokuwa wameinama. Watu wengine walikuwa wanapiga picha na gari zima. Wao walikuwa wanasoma nati.

Gari hili lilizaliwa na uhaba. Lilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita. Ndugu wawili wa familia ya Wilks, Maurice na Spencer, waliokuwa wakiiongoza kampuni ya Rover, wakaamua bodi iwe ya Birmabright, yaani alumini iliyochanganywa na magnesiamu. Chasisi ikabaki ya chuma, na vilevile ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, bampa, na vifuniko vya kingo. Kwa hiyo kila mahali kwenye Landrova alumini imebanwa na chuma, na hizo ni metali mbili zisizopatana. Ziache pamoja, zipate unyevu wenye chumvi, alumini itaanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Zinki iliwekwa katikati kama msuluhishi. Imepakwa kwenye chuma ili yenyewe ndiyo itangulie kuliwa. Ule ukijivu ninaousifu haukuchaguliwa na mtu wa mitindo. Ni ngao ya gari, na ikawa sura yake.

Ndiyo maana Landrova haina mapambo ya kromu ya kuzungumzia. Urembo wake ni vile vifuniko vya mabati mazito vinavyokumbatia kingo za bodi ya nyuma, bampa iliyonyooka, wavu wa waya mbele ya rejeta, beji ndogo ya duara-yai, na mistari ya ribiti. Vyote viko wazi machoni. Hakuna pazia la kufichia kosa.

Chukua vifuniko vya kingo. Vilichovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la karibu nyuzi 450 za Selsiasi, na zinki ilipopoa ikaacha yale maua yanayoonekana kwenye mabati mapya ya kuezekea. Kwa miaka maua hufifia, zinki hugeuka kijivu cha majivu, na mahali watu walipopandia na kushukia hung'aa kidogo kwa kusuguliwa na mikono. Fundi wa haraka akikuta kifuniko kimeanza kushika kutu kwenye kona, hukipiga rangi ya fedha. Kwa mbali kinadanganya. Ukikaribia unaona ubapa wake: rangi ya fedha ina mng'ao sawa kila mahali, zinki haina. Fundi wa subira hukivua chote, akatoa kutu, akakipeleka kuchovywa upya. Hapo panahitaji maarifa, kwa sababu kifuniko ni kipande kirefu na chembamba, na joto lile linaweza kukipinda kikarudi kimejikunja. Hukifunga kwenye chuma kinene cha kukizuia, akazungumza na watu wa kiwanda wakichovye kwa pembe inayofaa, na kikirudi hutumia muda mrefu kukinyoosha kwa mbao na nyundo ya mpira, akikipima kwenye ukingo wa bodi, akikitoa, akikigonga kidogo, akikirudisha. Nyundo ya chuma haikaribii. Alama moja ya nyundo kwenye zinki mpya haifutiki.

Kisha zinakuja ribiti. Hapa ndipo ninapoweza kukaa kutwa nikitazama.

Vifuniko vile vilishikwa kwa ribiti za alumini zisizo na tundu, zenye kichwa cha uyoga. Siku hizi karibu kila gereji ina ribiti za kuvuta, zile za bunduki ya mkono. Unachomeka, unaminya, inalia "tap", umemaliza, na huhitaji mtu wa kukushikia upande wa pili. Kwa kazi nyingi zinafaa kabisa. Lakini zinaacha kijitundu katikati ya kichwa, na kijitundu kile kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara kwa mtu aliyezoea. Nilikaa na fundi mmoja mtu mzima na kijana wake wakifunga kifuniko cha ubavu wa kushoto. Kijana alitazama safu ya matundu, akahesabu kimoyomoyo, akasema, "Mzee, si tuweke hizi za bunduki? Nusu saa tumemaliza."

"Tukishamaliza hiyo nusu saa, mwanangu," mzee akajibu bila kuinua kichwa, "tutakaa tunaitazama miaka mingapi?"

Wakaendelea kwa njia ya zamani. Ribiti ya unene wa inchi 3/16 inapitishwa kutoka nje. Mkia wake unaotokeza ndani unatakiwa uwe na urefu wa mara moja na nusu ya unene wake, kama milimita saba. Ukizidi utapinda badala ya kutandaa, ukipungua hautashika. Kijana anashikilia kichwa kwa nje kwa chuma kizito kilichochongwa kishimo chenye umbo la kichwa cha uyoga, kisipondeke. Mzee yuko ndani ya bodi, amepiga goti. Pigo la kwanza ni la kukusanya bati na kifuniko vikae pamoja. La pili linanenepesha mkia. La tatu na la nne yanaufunga. Hapo anaacha. Alumini ikigongwa mno hukakamaa na kupasuka ukingoni, kwa hiyo sikio lake ndilo linalomwambia basi: sauti inabadilika, kutoka ya kuzama inakuwa ya kugota. Kijana naye anajua kwa mkono wake, maana chuma alichoshika kinaacha kumrukia. Hawasemeshani. Ribiti moja ilikaa upande, kichwa kikainuka unene wa ukucha. Sidhani kama mwenye gari angeiona hata angeishi naye miaka ishirini. Mzee alikitoboa kichwa kwa biti nyembamba kuliko ribiti yenyewe, ili tundu la kwenye bodi lisiguswe, akausukuma mkia ukatoka, wakaanza upya.

Kwenye bolti, subira inageuka kuwa upelelezi.

Kwa mtu mwenye haraka bolti ni bolti. Landrova ya katikati ya miaka ya 1960 inamkatalia, kwa sababu ndani yake mna vipimo viwili vya kizazi tofauti. Kimoja ni ukoo wa Joseph Whitworth, aliyependekeza kipimo chake mwaka 1841, wenye thredi za pembe ya nyuzi 55. Katika ukoo huo imo BSF, ile ya thredi laini. Kingine ni kipimo cha pamoja walichokubaliana Uingereza, Marekani na Kanada mwaka 1948, chenye pembe ya nyuzi 60, ambacho kwa thredi laini huitwa UNF. Solihull haikuhama siku moja. Sehemu hii ilibadilishwa, ile ikasubiri, na gari likatoka na vyote viwili. Bolti ya robo inchi ya BSF ina thredi 26 kwa kila inchi. Ya UNF ina 28. Ukizipanga mezani huoni tofauti. Ukilazimisha nati ya moja kwenye nyingine itaingia raundi mbili tatu, utadhani imekubali, halafu inakwama na kula thredi zote mbili.

Spana nazo zimefanya uharibifu wake. Bolti ya BSF ya inchi 5/16 ina kichwa cha upana wa milimita 13.3 hivi. Spana namba 13 haiingii, namba 14 inacheza. Huku kwetu namba 14 ndiyo iliyokuwa karibu, na kwa miaka sitini imeteleza juu ya vichwa vile hadi pembe zikawa mviringo. Mwenzake wa UNF wa unene uleule ana kichwa cha nusu inchi, na namba 13 inamkalia vizuri tu. Fundi anayejua hili anaweza kukwambia, kwa kutazama ni vichwa vipi vimeliwa na vipi ni vizima, ni bolti zipi ziliondoka kiwandani zikiwa za kizazi cha zamani. Na pale ambapo pembe zimesalia, alama zinamsaidia: Waingereza waliitambulisha bolti ya kipimo cha pamoja kwa duara lililozamishwa juu ya kichwa, au kwa viduara vilivyoshikana ubavuni. Zaidi ya hapo kuna chapa za waliozitengeneza, kama GKN. Kichwa chenye chapa ya enzi zake kina thamani kwa fundi wa namna hii hata kama nati yake imeoza. Bolti mpya ya dukani, iwe nzuri vipi, ina maandishi mengine.

Kwa hiyo haitupi. Anaiokoa. Kwanza kuifungua bila kuikata, kwenye alumini iliyoishikilia tangu kabla fundi mwenyewe hajazaliwa. Anaipaka mafuta ya kupenya, anaiacha ilale. Kesho yake anaijaribu kwa kuikaza kidogo kwanza, kabla ya kuifungua, ili kutu ipasuke. Ikigoma anatia moto kwa uangalifu. Alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma kwa joto lilelile, hivyo tundu linaiachia bolti kabla bolti haijajaza nafasi. Inapotoka, anatazama chini ya washa. Rangi ya bodi ikiendelea mpaka chini yake, basi kiwandani bodi ilipigwa rangi kwanza, bolti ikafungwa baadaye, na inapaswa kurudi ikiwa kijivu kitupu. Chini ya washa pakiwa bati tupu na kichwa cha bolti kikiwa na rangi ya zamani kabisa, vilipigwa rangi pamoja. Kitu hicho hakimo katika kitabu chochote cha gereji. Kimeandikwa kwenye gari lenyewe, na ukikisugua kwa brashi ya waya kabla ya kukisoma umekifuta milele. Ndiyo maana kila bolti inapigwa picha mahali pake kwanza, kisha inaingia kwenye kopo lake la Blue Band lenye karatasi ya jina: bampa kulia, bawaba ya juu, kifuniko cha nyuma.

Halafu unakuja ule ukijivu. Zinki ya kuchovya kwenye ndoo ya moto haifai kwa bolti ndogo, inajaza thredi. Waingereza walikuwa na njia nyingine, inayobeba jina la Sherard Cowper-Coles aliyeibuni: bolti zilifungiwa kwenye pipa pamoja na unga wa zinki, pipa likazungushwa polepole kwenye joto lisilofika kiwango cha kuyeyusha zinki, na unga ukajishika kwenye chuma kwa unene ulio sawa hadi ndani ya thredi. Rangi yake ni kijivu cha vumbi. Karakana zinazopaka zinki kwa umeme leo hutoa bolti yenye mng'ao wa kibuluu, kwa sababu wateja wengi wanataka ing'ae na dawa ya kung'arisha huwekwa kwenye beseni. Fundi anayetaka sura ya zamani anaomba dawa hiyo iachwe, na kabla ya kupeleka anazipuliza bolti kwa punje laini za kioo ili uso wake usirudishe mwanga. Bolti ngumu anazitenga kando. Zikikaa kwenye asidi na kwenye beseni hunyonya hidrojeni, na baadaye zinaweza kukatika ghafla zikiwa kazini, kwa hiyo mara tu baada ya kupakwa huokwa kwa saa kadhaa kwenye joto la kama nyuzi 200.

Wapo wanaosema, kwa nini usiweke bolti za chuma cha pua, hazishiki kutu, umepumzika? Nimeona Landrova za namna hiyo Mombasa. Bolti kweli zimebaki zinang'aa. Kuizunguka kila moja alumini imevimba na kutoa unga mweupe, kwa sababu chuma cha pua, kwenye hewa ya chumvi, ni jirani mbaya zaidi kwa alumini kuliko chuma chenye zinki. Wale wahandisi wa Solihull walijua walichokuwa wanafanya, na kumheshimu mtu wa namna hiyo ni kumfuata hata katika washa.

Kuna jaribu jingine linalowapata hata mafundi hodari, nalo ni kuzidisha. Bodi ya Landrova ilishonwa kwa kulehemu nukta nukta, na kila nukta imeacha kishimo kinachoonekana ubavuni. Nimeona bodi zilizozibwa vishimo hivyo kwa puti, zikasuguliwa msasa hadi zikawa laini kuliko zilivyowahi kuwa. Nimeona skrubu za mfereji mmoja zilizopangwa mifereji yake yote isimame wima, safu nzima, kwa nidhamu ya gwaride. Inavutia, na inaeleza uongo. Mfanyakazi wa kiwandani alikaza skrubu mpaka ikashika, akaenda kwenye inayofuata. Mfereji ulisimama uliposimama. Kwa macho yangu safu iliyotawanyika ndiyo nzuri, kwa sababu ndiyo iliyomo mkono wa mtu wa kwanza. Mwaka 2018 kampuni yenyewe ya Jaguar Land Rover ilianza kuitengeneza upya mojawapo ya gari zilizooneshwa Amsterdam mwaka 1948, iliyokuwa imeachwa kwenye bustani maili chache tu kutoka Solihull. Wangeweza kuifanya mpya kuliko mpya. Waliamua kuhifadhi alama za umri wake na vipande vingi iwezekanavyo vya asili. Nilifurahi sana niliposoma hilo.

Hapa Afrika Mashariki swali hilo lina mzigo wake wa ziada, na sidhani kama vitabu vya Uingereza vinaweza kutujibia. Landrova ya huku ina historia mbili. Ya kwanza ilianzia Solihull. Ya pili iliandikwa na mafundi wetu, hasa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka na spea zikawa hadithi. Gari lilitakiwa litembee, na lilitembea. Utakuta kishikio cha betri kilichofuliwa kutoka springi ya lori, washa iliyokatwa kwenye debe, beji iliyochongwa upya kwa tupa na mtu ambaye hakuwa na ya kuiga zaidi ya kumbukumbu. Kwa mizani ya "uasili" vyote hivyo ni makosa ya kuondolewa. Mimi sikubali kirahisi hivyo. Kilichopo usoni, yaani vifuniko, bampa, wavu na bolti zake, kirudishwe kwa sura yake ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo jicho linaposoma gari. Kilichopo chini, kikiwa kizima na kinafanya kazi yake, kina haki ya kubaki.

Mzee yule wa ribiti analiona hivyo pia, ingawa analisema kwa kazi zaidi kuliko kwa mdomo. Chini ya gari lile, kwenye kishikio cha bomba la moshi, palikuwa na bolti ya milimita 8. Mtu fulani aliitoa kwenye gari la Kijapani, akaipitisha kwenye tundu la inchi 5/16, ambalo kwa unene ni karibu sawasawa nayo, akatafuta nati yake sahihi na washa ya springi, akaikaza vizuri. Imeshika tangu hapo. Kijana aliuliza kama aitie kwenye ndoo ya taka. Mzee aliichukua, akaisafisha thredi kwa brashi laini, akaipaka grisi, akairudisha ilipokuwa kwa spana namba 12. Kisha akamwambia kijana aiandike kwenye daftari la gari: mahali ilipo, kipimo chake, na kwamba imefungwa na fundi wa hapa.